Fundi Maduhu na Doa la Unyayoni

Ukishuka stendi ya Masumbwe ukaulizia katambuga, zile ndala za matairi, hutaoneshwa watu wawili. Utapelekwa kwa Maduhu. Anakaa nyuma ya mafundi pancha, kwenye kibanda cha mabati matatu, mbele yake lundo la matairi yaliyochoka. Ana miaka sabini na kitu. Hicho kitu mwenyewe hakijui. Alizaliwa mwaka wa njaa, na waliokuwa wakiukumbuka mwaka huo wameshakufa. Shule hakuiona. Alikuwa nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Anachojua kushika ni kisu, patasi na nyundo, na kwa vitu hivyo vitatu amevisha miguu ya watu kwa miaka zaidi ya arobaini: wachunga ng'ombe, wakulima wa mpunga, wachimbaji, hata padri mmoja aliyependa kutembea.

Katambuga zake zinajulikana kwa jambo moja: hazichomi. Fundi mwingine atapigilia kamba, ncha ya msumari ichungulie ndani, na wiki haiishi unachechemea. Maduhu msumari wake anaupiga ubavuni, anaukunja, halafu anapitisha kidole gumba juu ya soli yote, polepole, mbele na nyuma. Kidole kikikwama popote anang'oa, anaanza upya.

Siku hizi kuna jambo la pili, na hilo ndilo linalowachekesha watu. Hakupimi mguu mpaka umeuosha. Pembeni yake pana beseni la maji, kipande cha sabuni ya mche na kitambaa. Unakaa kwenye kigoda, unaosha, unamwinulia unyayo. Anaanza na kisigino, anapanda pale panapobonyea, anatanua vidole kimoja kimoja, anatazama mpaka chini ya kucha. Kisha mguu wa pili. Akimaliza anatoa neno moja, "Kanyaga," na hapo ndipo unakanyaga tairi akuchore kwa chaki.

"Mzee, mimi nimefuata viatu tu," Masudi alimwambia siku ya kwanza. Masudi ni mchimbaji, kwao Handeni, na mdomo wake hauna Jumapili.

"Osha."

"Kwetu anayeoshwa na kukaguliwa hivi ni maiti."

"Maiti hanunui katambuga. Osha."

Mafundi pancha wakacheka mpaka mmoja akaangusha jeki. Masudi akaosha. Kwenye unyayo wake wa kulia palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mtama.

"Hili la lini?"

"La kuzaliwa. Mama analijua."

"Limekua?"

"Nitajuaje mzee? Nani anayejitazama huko?"

Maduhu akachukua kipande cha mpira wa ndani ya tairi, akakilaza juu ya doa, akatoboa tundu la ukubwa uleule, doa likaenea humo sawasawa. Akakitundika kipande kwenye msumari ukutani.

"Miezi mitatu ikiisha, rudi. Doa likizidi tundu, unakwenda hospitali."

"Na lisipozidi?"

"Unarudi tena miezi mitatu."

Ukutani kwake vipande vile vipo kumi na saba. Haviandikwi jina. Kila kimoja amekikata kwa umbo lake, na hajawahi kumpa mtu kipande cha mwenzake.

Sababu ya yote hayo ni Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mke wake. Amekufa, mwaka wa tatu sasa. Alikuwa mtu wa sauti ya juu na kicheko cha kusikika mpaka kisimani. Nyumbani maneno yalikuwa yake, Maduhu aliitikia. Walizaa watoto watano, wa kwanza Limi, ambaye ameolewa Geita. Mguu wa Nyamizi Maduhu aliupima mara moja tu, mwaka aliomwoa. Baada ya hapo hakuhitaji chaki. Aliujua. Akipata tairi nzuri alikata jozi ya mkewe bila kumwita, na alipoivaa haikubana wala haikupwaya. Kwa jambo hilo alijisifu, yeye ambaye hajisifu kwa kitu.

Siku moja Nyamizi akamwambia, "Baba Limi, kiatu chako kinanichoma."

Neno hilo lilimuuma Maduhu. Watu wa wilaya nzima hawachomwi, achomwe mke wake? Akachukua kile kiatu, akapitisha kidole. Hakuona kitu. Hata hivyo aling'oa misumari yote akapiga mingine. Mwezi haukupita, Nyamizi akasema bado. Maduhu akatengeneza jozi mpya, ya tairi la gari dogo, laini. Bado. Akatengeneza nyingine, akaitandika ngozi ya mbuzi kwa juu. Jozi tatu kwa msimu mmoja wa mpunga. Kiatu alikigeuza juu chini, akakichunguza kila upande. Mguu hakuugeuza.

Wanawake wa jirani walimtoboa Nyamizi kwa pini wakitafuta mwiba. Hawakuuona. Doa lilikuwepo, jeusi, wote waliliona, na wote walisema ni alama ya msumari. Katambuga ina misumari. Doa likitokea chini ya mguu, nani atafikiri kingine? Likaja kuwa kidonda. Kidonda kikapakwa dawa ya mizizi, kikapakwa na ya dukani. Mtoki ulipovimba kwenye kinena, mkubwa kama yai la kanga, ndipo wakampeleka Mwanza.

Daktari wa kule hakuwagombeza. Alieleza tu, taratibu, kwamba hiyo ni saratani ya ngozi. Maduhu akasema yeye alisikia saratani ya ngozi ni ya wenye ualbino. Daktari akasema ni kweli wao jua linawaumiza zaidi, lakini hata mtu mweusi inampata, na ikimpata hupenda kukaa mahali ambapo hakuna anayepatazama: chini ya nyayo, viganjani, chini ya kucha. Ikionekana ingali doa, inakatwa na mtu anarudi shambani. Kwa Nyamizi ilikuwa imeshatembea. Walikata mguu. Hakumaliza miezi minne.

Walimzika wakati watu wanavuna. Maduhu alikaa ndani mpaka mvua nyingine zikaanza, nyumba imenyamaza kama ghala tupu. Kisha asubuhi moja akaenda stendi, amebeba beseni. Hakumweleza mtu.

Sasa, Nyamizi alikuwa na mdogo wake, anaitwa Mbuke. Mama wa miaka hamsini hivi, mjane pia, mfupi, mkali, mwenye mdomo wa dada yake. Mbuke anafanya kazi mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akina mama wanaununua wanauosha tena; wanauita marudio. Kutwa nzima wamo kwenye matope. Mabuti yanajaa maji, ndiyo maana Mbuke alivaa katambuga za shemeji yake. Na kwa kuwa ni shemeji, zake nazo Maduhu alizikata kwa makadirio. Mbuke kwenye kile kigoda hakuwahi kukaa.

Ilikuwa Jumatano, siku ya mnada. Mbuke alitokea katikati ya watu, pekupeku, akamtupia Maduhu jozi ya katambuga mapajani.

"Mwangaluka, mume wa dada."

"Mwangaluka."

"Chukua takataka zako. Uzee umekufika. Msumari unanichoma."

Maduhu akaacha kukata. Akachukua kiatu cha kulia.

"Siyo hicho. Cha kushoto."

Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Soli ilikuwa laini kama kiganja cha mtoto.

"Hakuna msumari."

"Upo."

"Hakuna, Mbuke."

"Basi mguu wangu ni mwongo?"

"Kaa hapo uoshe."

Mbuke akashika kiuno, akawageukia mafundi pancha. "Jamani mnamsikia? Kama anataka kunishika mguu si aseme tu? Dada hayupo, nani atamzuia?"

Watu wakacheka. Kwa kawaida Maduhu angemrudishia neno moja, fupi, na kicheko kingehamia kwa Mbuke. Siku hiyo hakurudisha. Alisogeza beseni mpaka miguuni pa Mbuke, akapiga goti vumbini. Mbuke alimtazama pale chini. Akaacha kucheka, akakaa.

Matope ya mwaloni yalikuwa yameingia kwenye mipasuko ya kisigino. Maduhu akaisugua kwa brashi, akamwaga maji, akasugua tena. Weusi wa matope ukatoka wote. Weusi mmoja haukutoka.

Ulikuwa ndani kidogo ya kisigino, ukubwa wa punje ya harage. Haukuwa duara. Ukingo wake umekatikakatika kama kando ya mto mvua ikipita. Upande mmoja mweusi kama masizi, upande wa pili rangi ya chai.

"Hili la lini?"

"Msumari wako ulianza tukiwa tunapandikiza mpunga."

"Linatoa damu?"

"Juzi lilitoa. Msumari si unachoma?"

Maduhu alichovya kisu kwenye maji, akashika kiatu cha kushoto, akakipasua katikati kwa urefu, kutoka kisigino mpaka kidole, pale pale ilipopita misumari. Mpira ukalia. Mafundi pancha wakasogea; hakuna aliyewahi kumwona Maduhu akiharibu kazi yake.

"We mzee! Viatu vyangu!"

"Tazama." Akamwekea vipande viwili mkononi. "Msumari huu hapa. Umeingia ubavuni, ukajikunja, ukaishia hapa. Na huu. Na huu. Nioneshe unaofika juu."

Mbuke akatazama. Akapapasa. Akageuza upande wa pili, akatazama tena.

"Hakuna," akasema, chini chini.

"Kiatu hakikuchomi. Kinachokuchoma unatembea nacho."

"Ni kile cha dada?"

"Sijui. Mimi ni fundi viatu. Kahama kuna anayejua. Tunakwenda kesho."

"Siendi."

"Utakwenda."

"Siendi, Baba Limi! Dada aliingia hospitali kwa miguu miwili. Akatoka na mmoja, akaja kufa. Unataka na mimi nikapunguzwe?" Halafu akalegeza sauti, akaanza kubembeleza. "Toboa lile tundu lako. Unawatobolea watu wote. Nitarudi baada ya miezi mitatu, wallahi."

Hapo palikuwa pagumu, maana tundu lilikuwa desturi yake mwenyewe, na macho ya watu wote yalikuwa kwake.

"Tundu ni la doa lililotulia," alisema Maduhu. "Hili linakua, lina rangi mbili, limeshatoa damu. Nikilitobolea tundu nitakuwa nakutengenezea kiatu kingine." Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu msiba. "Nyamizi hakuuawa na hospitali. Hospitali alifika amechelewa, na aliyemchelewesha ni mimi. Aliniambia anachomwa. Nikatengeneza jozi tatu. Ningeuinua mguu wake siku ile ya kwanza kama nilivyouinua wako leo, angekuwa anapika."

Kompresa ya upepo ilikuwa inanguruma peke yake. Mbuke aliinuka, akachukua kanga yake, akaondoka pekupeku vilevile bila kuaga.

Kesho yake Maduhu hakufungua kibanda. Alikwenda mwaloni, mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mzee, akalikuta lundo la mchanga la Mbuke limefunikwa turubai, mwenyewe anachota maji pembeni. Akapanda juu ya lundo, akakaa.

"Shuka kwenye mali yangu."

"Sishuki."

"Zamu yangu ya kuosha ni Ijumaa. Nikiikosa napelekwa nyuma ya watu wote mpaka mwezi ujao. Hilo hulijui, wewe unajua matairi."

"Nitakaa hapa mpaka Ijumaa."

Akina mama wakaanza kupiga vigelegele vya dhihaka. "Mbuke, umepata mlinzi!" "Mbuke, mkatie mahari!" Mzee alikaa tu, jua linampiga kichwani, mikono imelala magotini.

Masudi akapita na ndoo mbili, akazitua aone kulikoni. Alipoelezwa, hakutania. Alikaa chini, akavua buti, akamwonesha Mbuke unyayo wa kulia.

"Mama, angalia hili doa. Mzee amelipima mara mbili sasa, miezi mitatu na miezi mitatu. Limo kwenye tundu lilelile. Mimi nikamwambia, mzee, hebu niende na mimi hospitali nikahakikishe. Akaniambia, wewe huna haja, rudi kazini. Unaelewa? Huyu si mtu wa kumtisha kila mtu. Akikwambia nenda, ameona kitu." Kisha ule mdomo wake ukarudi. "Mchanga niachie mimi. Nitauosha Ijumaa. Dhahabu yako, matope yangu."

"Wewe nikikuachia, hata matope sitayakuta."

"Basi aoshe mwenzako, mimi nisimamie."

Mbuke akamtazama shemeji yake pale juu ya lundo. Jasho lilikuwa linamtiririka, hajifuti.

"Baba Limi, nikienda wakanikata mguu, sitakusamehe."

"Sawa."

"Nitakusema mpaka kaburini."

"Sawa. Simama twende. Nimezika mmoja, inatosha."

Mbuke akaweka ndoo chini.

Kahama walifika mchana. Daktari alikuwa binti mdogo, Dorah, mwenye kitochi na kioo kidogo cha kukuzia kama cha wanunuzi wa dhahabu. Aliwaamkia shikamoo wote wawili kabla hajagusa karatasi, na Mbuke akalegea kidogo. Lile doa alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema anataka kuona ngozi yote, siyo mguu tu. Maduhu akatolewa nje ya pazia. Akawa anasikia sauti tu: geuka mama, inua mkono, fungua viganja, nioneshe kucha, inamisha kichwa nione chini ya nywele, fungua mdomo. Mwisho daktari akamminya Mbuke kwenye kinena, kulia na kushoto.

"Mtoki upo?" Maduhu aliuliza kutoka nje ya pazia. Hakuweza kujizuia.

"Haupo, baba."

Akakaa kwenye benchi.

Daktari alipofungua pazia akauliza nani aliyeliona hilo doa. Mbuke akaeleza, na kwa kuwa ni Mbuke alieleza yote: beseni, tundu, kiatu kilichopasuliwa, lundo la mchanga. Daktari akataka kujua zaidi habari ya tundu. Maduhu akatoa mfukoni kipande kimoja, akaeleza kwa maneno sita au saba.

"Hili hawakutufundisha chuoni," alisema daktari. "Ni zuri, baba. Ila linakupa ukubwa tu. Doa linaweza lisikue likabadilika rangi, au ukingo ukaharibika. Utazame na hayo. Na viganja pia usiviache. Na kidonda kisichopona mwezi mzima, popote kilipo, kije."

"Viganja," akasema Maduhu. Alikuwa anaviweka akilini.

"Na wewe je? Nani anakukagua?"

"Mimi ni msindikizaji."

"Daktari, mvue viatu!" Mbuke alipaza sauti kutoka kitandani. "Anawakagua watu wa wilaya nzima, nyayo za kwake hazijaonwa na mtu."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Maduhu akavua, akapandisha mguu kwenye kigoda cha chuma. Tangu Nyamizi aondoke hakuna aliyegusa mguu wake. Nyamizi alikuwa akimkata kucha siku za Jumamosi, huku akimsema. Daktari aliushika kwa mikono miwili, akageuza, akatanua vidole, na Maduhu akageukia dirishani akawa anaangalia nje mpaka kazi ilipokwisha.

"Hakuna kitu hapa ila mipasuko. Paka mafuta. Na baada ya miezi mitatu uangaliwe tena."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Mbuke. "Hata kama zinanuka."

Wakamchoma Mbuke sindano ya ganzi, wakachukua kipande kidogo cha lile doa, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Majibu wiki tatu.

Wiki hizo tatu Mbuke alikatazwa maji. Akawa anashinda kibandani kwa Maduhu, mguu umefungwa, akiwaamuru wateja. "Osha vizuri wewe, umechota matope au maji?" "Viganja pia. Ndiyo, viganja, daktari amesema." Watu walikuja hata wasiotaka viatu, kumsikiliza tu. Maduhu alikata matairi yake. Usingizi ulimpotea, lakini hilo hakulisema, na Mbuke naye hakusema kwamba wa kwake pia.

Majibu yalipotoka, Daktari Dorah aliwakalisha wote wawili.

"Ni saratani," alisema. "Sitawaficha. Lakini iko juu juu ya ngozi, haijazama. Mmeiwahi."

Mbuke hakusikia neno la mwisho. "Mguu mnaukata wapi? Hapa au gotini?"

"Mguu haukatwi, mama. Tunatoa kipande kama kifuniko cha soda, na nyama kidogo pembeni kwa usalama. Halafu tunachukua ngozi ya paja tunapaziba."

"Ngozi ya paja?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nitakuwa nakanyagia paja?"

Daktari akaziba mdomo. Mbuke mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukatika upesi. Maduhu alimpa kitambaa. Kilikuwa na vumbi la tairi, akajipaka weusi uso mzima.

Alipasuliwa Mwanza. Limi alitoka Geita kumwuguza mama yake mdogo. Miezi miwili Mbuke alitembelea mkongojo, na mwezi wa tatu akarudi mwaloni, kwa mabuti mapya, marefu yasiyoingiza maji, aliyoyatandika sponji. Zamu yake ya Ijumaa ile aliikuta salama. Mwenzake Mwamvua alimwoshea, Masudi akasimamia, na kwa mdomo wa Masudi mwenyewe, matope yalipungua kidogo tu.

Daktari aliagiza arudi kila miezi mitatu. Mara ya kwanza Maduhu alimsindikiza. Mara ya pili alimsindikiza, na njiani Mbuke alilalamika kwamba watu wanadhani ameolewa na kikongwe. Pale mwaloni napo mambo yalikuwa yamebadilika bila kikao wala tangazo. Jumapili jioni, wakishaoga, akina mama wanakaa wawili wawili, mmoja anamwekea mwenzake miguu mapajani. Wanasengenyana hapo, wanacheka, macho yako kwenye nyayo. Wawili wameshatumwa Kahama. Mmoja ilikuwa damu iliyovilia. Wa pili bado wanamfuatilia.

Ikafika mara ya tatu. Maduhu aliamka mapema, akachemsha matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, akafunga kwenye mfuko pamoja na karanga za njiani. Akafika kwa Mbuke kunapambazuka. Mlango una kufuli.

Mwamvua, jirani yake, alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, Baba Limi. Umechelewa. Ameondoka na basi la kwanza."

"Peke yake?"

"Peke yake. Ameacha maagizo. Amesema ukija nikwambie njia anaijua, na mwendo wako unachelewesha basi."

Maduhu alisimama na mfuko wake.

"Kadi amebeba?"

"Amebeba."

"Kanga ya kujifunika?"

"Baba Limi, yule ni mtu mzima. Karibu ukae."

Akakaa. Wakala matobolwa na karanga, Mwamvua akaongeza chai. Maduhu akaenda kazini jua likiwa juu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Saa saba simu yake ikalia. Akafuta mikono kwanza.

"Shemeji," alisema Mbuke, nyuma yake wapiga debe wa stendi ya Kahama wanapiga kelele. "Hakuna kitu. Kovu zuri, mtoki hakuna. Amesema sasa nirudi baada ya miezi sita."

"Kucha alitazama?"

"Alitazama."

"Viganja?"

"Alitazama."

"Mgongoni?"

"Shemeji, nakata simu."

Akakata.